Goma: Bafu la mbao linataka nini kabla ya makaro

Katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, kuna nyumba moja ya mbao ambayo bafu lake lilikaa wiki mbili likiwa shimo. Makaro meupe yaliyopangwa miaka miwili tu nyuma yalirundikwa kando ya mlango, mengi yakiwa bado mazima. Kilichokufa si makaro. Ni mbao zilizokuwa chini yake: kati ya madriye nne zinazobeba sakafu, mbili zilikuwa zimeoza mpaka kidole kinaingia.

Mwenye nyumba ni mama mjane anayeuza unga sokoni. Anaishi na watoto watatu pamoja na mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima inamwita Koko. Ni kwa ajili ya Koko bafu na choo viliwekwa ndani. Choo cha nje kiko juu ya mawe ya volkano, yale yanayokata kama chupa, na si mahali pa mzee kutembea usiku kwa mwanga wa simu. Siku sakafu ilipozama chini ya mguu wake, Koko alishika mlango, hakuanguka. Lakini tangu siku hiyo alikataa kuingia humo. Akaanza kujinyima maji ya kunywa jioni ili asiamke usiku.

Mtu asiyeijua Goma anaweza kuuliza kwa nini bafu lijengwe juu ya mbao. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwa Kivu, na familia nyingi zilijenga upya kwa mbao juu ya lava hiyo. Mbao ni nafuu, kazi inaenda haraka, na nyumba inaweza kubomolewa na kusimamishwa kwingine. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitapika tena, na wengi waliona kwamba hawakukosea kutoweka mali yao yote kwenye kuta za matofali.

Tatizo ni kwamba mbao na karo hazina tabia moja. Ubao unakunywa unyevu wa hewa na kuvimba upande wa upana wake, kisha jua likiwaka unanywea. Karo haliendi popote. Mtu akikanyaga, ubao unapinda kidogo, karo linakataa kupinda, na ufa mwembamba kama unywele unatokea kwenye viungo. Hapo maji yanapata njia. Na hata bila ufa, sima ya viungo inapitisha maji polepole. Wengi wanaamini karo ndilo linalozuia maji, na mafundi fulani wanawaacha waamini hivyo kwa sababu kazi inaisha siku moja. Fundi wa kwanza wa nyumba hii alimwaga sima moja kwa moja juu ya mbao, akapanga makaro, akalipwa, akaenda.

Safari hii kaka yake Mama, anayefanya kazi Bukavu, alituma pesa akitaka aone makaro mapya kwenye picha kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi mpya alikataa.

"Mama, makaro tununue mwisho," alisema. "Hayo ya zamani mengi yatafaa. Pesa iende chini."

"Chini ambako hakuna anayeona, Papa fundi? Kaka yangu nitamwonyesha nini?"

"Atamwona Koko anaoga."

Kazi ilianzia kwenye madriye. Zilizooza zilitolewa, na kati ya moja na nyingine ikaachwa sentimita 40, si 60 kama zamani, ili sakafu isichezecheze. Chini yake fundi aliacha matundu mawili ya hewa yenye wavu wa kuzuia panya. Ubao usiopata hewa unaoza hata kama hakuna tone linaloanguka juu yake. Madriye alizikata mteremko kidogo, karibu sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea tundu la kutolea maji. Mteremko ukisahauliwa hapa, baadaye ni shida kuurudisha kwa kole ya makaro.

Juu yake zikaja tabaka mbili za tripleksi ya milimita 18, ile inayovumilia maji, zikikazwa kwa skrubu. Misumari ya kawaida inalegea kadiri mbao inavyocheza. Viungo vya tabaka la juu havikukaa juu ya vile vya chini, na kandokando ya ukuta iliachwa nafasi ya milimita chache ili mbao ivimbe bila kusukuma chochote.

Wapo mafundi wanaochagua njia nyingine: plastiki nzito, wavu wa chuma, kisha sima ya sentimita 4. Si njia mbaya kama madriye zina nguvu. Lakini sima hiyo ina uzito wa kilo 80 hivi kwa kila mita ya mraba, na nyumba hii ilishazeeka.

Kisha ikaja dawa yenyewe ya kuzuia maji, rangi nzito kama maziwa yaliyoganda. Kwenye kona zote na kuzunguka tundu la maji, fundi alilaza kwanza ukanda wa kitambaa ndani ya dawa, kwa sababu kona ndizo hufunguka mapema. Mkono wa kwanza ulipakwa kuelekea upande mmoja, ukaachwa ukauke, na wa pili ukapakwa kuukata. Dawa ilipanda ukutani sentimita 20, na upande wa kuogea ikafika juu ya kichwa. Kuta pia ni mbao, zilishawekewa tripleksi.

Ugomvi mkubwa ulikuja siku ya kujaribu. Dawa ilipokauka vizuri, fundi aliziba tundu na kuomba bidoni 3 za litre 20, akazimwaga sakafuni na kusema yakae mpaka kesho saa ile ile. Koko alitoka chumbani. Maji yanayonunuliwa, yanayobebwa kichwani na wajukuu, yalale chini bila kazi?

Yalilala. Asubuhi fundi aliingiza mkono kupitia tundu la hewa, akapapasa tripleksi kwa chini, kavu. Mchana alipapasa tena. Mama naye akapiga magoti, akapapasa kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo Koko akaamuru maji yachotwe yote kwa kikombe na kurudishwa kwenye bidoni, yatumike chooni.

Makaro ya zamani yamesafishwa, na 11 tu yamenunuliwa mapya. Yatabandikwa kwa kole inayokubali kupinda kidogo, na kiungo cha sakafu na ukuta kitajazwa silikoni badala ya sima. Fundi ameomba mtu yeyote asikanyage humo kwa siku 3. Kaka wa Bukavu ametumiwa picha ya bafu lililojaa maji.