Antena Sita Zilivyomliza Dada wa Mawigi

Mwanadada mmoja wa Tabata, jina kapuni, anauza mawigi kwa kwenda laivu kila Ijumaa usiku. Wiki kadhaa zilizopita nusura aitwe tapeli mbele ya watu zaidi ya mia. Na wala hakumtapeli mtu.

Ilikuwa hivi. Laivu imechangamka, dada kashika wigi la inchi 16, anasema hili la mwisho, 120,000, wa kwanza kutuma hela ndiye mwenye mali. Watatu wakatuma kwa mpigo. Picha ilikuwa inakwama kwama tangu mwanzo, lakini hapo ikaganda kabisa, mdomo wazi, mkono juu, kisha laivu ikakata. Akahangaika na simu, akazima, akawasha, mwisho akatoka mbio dukani kununua vocha aunge bando. Aliporudi hewani dakika 20 zimepita na watu wameshapiga skrinshoti. Mmoja kaandika "kala hela kakimbia". Wawili aliwarudishia pesa usiku ule ule, ada ya kutuma juu yake. Lakini mteja wake wa Dodoma, aliyekuwa anachukua mawigi mawili matatu kila mwezi, alishamblok.

Kilichomuuma ni kwamba siku tatu nyuma alinunua router mpya kwa ajili ya laivu hizo hizo. Hela ilikuwa ya mchezo, laki tano, zamu aliyoisubiri miezi 10.

Kariakoo alikwenda na binamu yake, wale vijana wanaojua kila kitu mpaka uwaulize swali la pili. Wakaingia duka moja mtaa wa Aggrey. Muuzaji akatoa boksi: "Sista, hii ndiyo mashine. Antena sita, inavuta mpaka nyumba ya tatu." Bei 210,000, wakabembelezana mpaka 185,000. Binamu akatingisha kichwa kama injinia. Dada akalipa, akaandikiwa kikaratasi kwa mkono, akapanda daladala na boksi lake mapajani kama kabeba mtoto.

Jumamosi asubuhi baada ya aibu ile akamwita kaka mmoja jirani anayefunga kamera za ulinzi. Yule kaka hakuongea sana. Akafungua skrubu nne, akamwonyesha. Antena zenye waya ni mbili. Nne zilizobaki ni plastiki tupu, zimesimama tu kama mabango ya wagombea baada ya uchaguzi.

Halafu akamgeuzia boksi. Limeandikwa 300 Mbps kwa maandishi makubwa. Dada aliamini hiyo ndiyo spidi ya intaneti atakayopata. Kumbe ile ni spidi ya juu kabisa kati ya simu na router yenyewe, tena kwenye karatasi. Intaneti inayoingia ni ile ya kifurushi chako na mnara ulio karibu nawe. Ukifunga bomba nene wakati maji ya mtaa yanatoka kwa matone, utaoga kwa matone vilevile. Na kwa mtu wa laivu namba ya kuangalia siyo ya kupakua, ni ya kupakia, maana yeye ndiye anayerusha picha. Ukipima spidi zinatokea zote mbili, ila wengi wanaangalia ile kubwa ya kupakua wanafurahi wanafunga.

Kosa lingine lilikuwa masafa. Router yake ilikuwa na 2.4 GHz peke yake. Masafa hayo yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri, lakini yana msongamano wa kufa mtu. Njia zisizogongana humo ni tatu tu, na simu ya dada ikitafuta WiFi pale nyumbani yanatokea majina 17 ya majirani, wote wanagombania njia hizo tatu. Hata maikrowevu inafanya kazi humo humo, ndiyo maana mtu akipasha wali picha yako inaanza kukwama. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi na spidi zaidi, ila ukuta wa tofali unayamaliza haraka. Kwa hiyo router ya kununua ni yenye yote mawili, halafu unaiweka karibu na unapofanyia kazi. Dada yake alikuwa kaiweka sebuleni ndani ya kabati la vyombo, kati ya kioo na masufuria (ili ipendeze), wakati laivu anafanyia chumbani, kuta mbili mbele.

Wakaitoa kabatini, wakaipandisha juu ya rafu. Ijumaa iliyofuata picha ikanyooka. Mawigi manne yakaenda. Saa tatu kamili usiku, pwaa, ikakata tena.

Safari hii hakukimbilia vocha. Alitoka mbio na simu mkononi mpaka sebuleni, akakuta router haina hata taa moja, na mama mkubwa wake, mwenye nyumba, anakunja waya wa ekstensheni taratibu.

"Mama mkubwa, umezima wewe?"

"Ndiyo mwanangu. Taarifa ya habari imeisha. Hicho kidude kinawaka waka usiku kucha, unajua Luku inavyokwenda?"

Televisheni na router zilikuwa ekstensheni moja. Kila usiku habari zikiisha mama anachomoa, asubuhi anachomeka. Na wewe ungesema nini? Huyo ndiye aliyemlea tangu darasa la pili na hajawahi kumdai kodi. Dada aliomba radhi, akarudi chumbani, akalia kidogo.

Kesho yake walikaa chini wakapiga hesabu. Router ya aina ile inakula kama wati 10, saa 24 ni robo uniti. Pasi ya wati 1,000 ikipigwa nusu saa ni nusu uniti, yaani router ya siku mbili. Mama akanyamaza, maana sare za kwaya anazipiga pasi yeye. Ila dada naye alikuwa na lake, draya ya wati 2,000 ya kukaushia mawigi, nusu saa uniti nzima. Draya hiyo aliinunua baada ya ile aliyotumiwa na shangazi yake wa Marekani kutoa moshi siku ya kwanza. Ilikuwa ya volti 120, na umeme wetu ni 230. Kitu cha kupasha joto ukikichomeka hivyo kinavuta karibu mara nne ya nguvu yake. Kama chaja ya simu ina maandishi 100-240V haina neno, lakini draya na pasi za kule nyingi hazina hayo maandishi, na kubadilisha pini hakubadilishi volti.

Duka la Aggrey lilikataa katakata, mali ikiuzwa hairudi, na kikaratasi chake hakikuwa hata na jina la duka. Akaiuza router kwa mtu wa kibanda cha mpira kwa 80,000, akaongezea, akarudi Kariakoo duka lingine bila binamu. Safari hii aliuliza. Inashika masafa yote mawili? Laini yoyote inaingia au imefungwa mtandao mmoja? Akatoa laini yake kwenye pochi, akaomba iwekwe hapo hapo aone inasoma. Muuzaji akanuna kidogo, akaweka, ikasoma. Akadai risiti ya EFD na warranti ya mwaka mmoja. Antena zake mbili, fupi, wala hazivutii.

Sasa router ipo chumbani kwake na laivu zinaenda. Mteja wa Dodoma hajamfungulia mpaka leo. Ametumiwa ujumbe kupitia rafiki, ameusoma, kimya.

Ijumaa iliyopita habari zilipoisha mama mkubwa alisogeza pazia la chumbani, laivu ikiendelea, watu 140 wakasikia sauti: "Hiki chenye taa ya kijani nikiache?"