Simu ya Babu Iliyojaa

Wenzangu wengi wakisikia kwamba simu imejaa, hudhani dawa yake ni kununua nyingine au kufuta kila kitu. Kwa kuwa hapa bwenini haturuhusiwi kuwa na simu, mimi jambo hili nimelijua katika likizo, nyumbani kwetu Engaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai.

Babu yangu hajui kusoma, na macho yake sasa ni hafifu. Lakini alifundishwa kurekodi sauti, na kwa muda wa miaka miwili amekuwa akiisimulia simu yake mambo ya mwaka 2007, mlima ulipolipuka na majivu yakafunika malisho: ng'ombe walihamishiwa wapi, nani alimkopesha nani mtamba, na nani hajarudisha. Kwetu madeni ya namna hii hayana kitabu. Basi Desemba iliyopita simu ikakataa kupokea hata neno moja zaidi. Baba mdogo alishauri ifutwe yote, ianze upya. Nami nikamwomba babu anipe siku moja.

Nilifungua mahali pa mafaili nikatazama. Simu ile ni ya gigabaiti 16, na sehemu kubwa huchukuliwa na programu zake yenyewe. Sauti za babu zilikuwa 23, nazo zote pamoja hazikufika nusu gigabaiti. Maana saa nzima ya sauti ya kawaida huchukua kama megabaiti 60, na video safi ya dakika moja tu huweza kupita hapo. Walioijaza nyumba ni wageni: video za vichekesho na picha za salamu za asubuhi, nyingine zimeletwa mara nne. Nilizifuta moja moja, babu ameketi kando yangu. Video ya harusi ya shangazi alinikatalia kabisa, ingawa ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Kisha nikanakili sauti zake katika kadi ya kumbukumbu, ili simu ikianguka mtoni zisiende nayo.

Kazi ya majina ilikuwa ngumu zaidi, kwani kila faili lilikuwa na tarakimu tupu. Babu alitaka kuyapa majina mwenyewe. Tangu mwaka 2017 simu nyingi zimeweza kuandika Kiswahili kinachosemwa. Basi nikabonyeza alama ya kipaza sauti, babu akasema, "Malisho ya mwaka ule," na maneno yakaandikwa barabara. Alicheka sana. Lakini alipotamka majina ya Kimaasai ikaandika mambo ya ajabu. Lengai ikawa "lenga hii". Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu ni mtoto wa nani asiyeujua mlima?" Karibu na kijiji chetu majivu yaliyoganda yamehifadhi nyayo za watu zaidi ya 400 kwa maelfu ya miaka, wala hayakuwauliza lugha yao. Majina ya Kimaasai niliyaandika kwa vidole.

Sasa babu akitaka sauti fulani, mtoto yeyote humbonyezea kipaza sauti, naye hulitaja jina la Kiswahili, likaja.

Kabla sijarudi shuleni alirekodi habari iliyobaki, ya madeni, dakika 41. Baba mdogo ameomba nakala. Babu amemwambia asubiri kwanza, kwani jina lake limo.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne