Gitaa la Baba Mdogo

Mshikaji, we unaweza kuingia motoni kwa sababu ya gitaa? B.B. King aliingia. Ilikuwa 1949, Twist, Arkansas, kule Marekani. Wanaume wawili walizipiga ukumbini wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kuleta joto. Watu mbio nje, naye mbio. Mara akakumbuka gitaa lake la dola 30, akarudi ndani! Aliposikia ugomvi ulikuwa wa mwanamke aitwaye Lucille, akalibatiza gitaa jina hilo, ajikumbushe asirudie ujinga ule.

Mimi bwana, sikuungua hata kidole. Baba mdogo aliniachia gitaa la umeme la zamani, rangi imebanduka pale mkono wake ulipokuwa ukiegemea. Kodi ya chumba iliponibana nikaliuza, tena kwa bei ya kutupa. Sasa ninalo jipya, linang'aa. King alifariki 2015, lakini nikiweka rekodi zake, ile sauti moja tu anayoivuta, kidole kikitetemeka juu ya uzi mpaka unalia kama mtu, najikuta napapasa langu kutafuta palipobanduka. Mkono unateleza tu.