Siku Tatu katika Mji wa Leipzig

Leo twataka kuwaeleza habari za siku tatu tulizokaa katika mji wa Leipzig, nchi ya Ujerumani, sisi na watoto wetu wawili, pamoja na mama yetu aliyetoka Moshi kututembelea. Mji huu si mgeni kwa Wakristo wa Kilimanjaro, maana wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaleta Injili pamoja na nyimbo zake.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Septemba. Wakati huo watu wa kwetu hutazama mawingu na kungojea mvua za vuli. Kule majani ya miti hugeuka rangi, huwa manjano na mekundu, kisha hupukutika. Asubuhi ni baridi, lakini mchana jua huwaka kwa upole. Tuliondoka Berlin siku ya Ijumaa kwa treni, mwendo wa saa moja na kidogo, tukaenda moja kwa moja mpaka kanisa la Mtakatifu Thomas.

Katika kanisa hili, wakati wa masomo, kuna ibada ya nyimbo kila Ijumaa saa 12 jioni na kila Jumamosi saa 9 alasiri. Waimbaji ni wavulana wa kwaya iitwayo Thomanerchor, iliyoanzishwa mwaka 1212. Wageni wengine hudhani ni tamasha, kumbe ni ibada: Neno husomwa, sala huombwa, na watu wote huimba pamoja. Waimbaji husimama juu, nyuma ya watu, karibu na kinanda kikubwa. Basi mtu aliyeketi hawaoni, husikia tu sauti zikimshukia. Mtoto wetu mdogo aligeuka mara tatu atazame sauti zatoka wapi, na mara tatu bibi yake akamshika kichwa taratibu, akamwelekeza madhabahuni.

Ulipofika wakati wa watu wote kuimba, mama hakuweza kufuata maneno, kwa kuwa hajui Kijerumani. Lakini aliposikia sauti ya wimbo aliitambua, maana ameuimba tangu ujana wake. Akauimba kwa Kiswahili, polepole. Mzee mmoja Mjerumani aliyeketi kando yake alimtazama, akatabasamu, wakaimba hata mwisho, kila mtu kwa lugha yake.

Siku ya Jumamosi tulirudi kulitazama kaburi la Johann Sebastian Bach. Mtu huyu alikuwa mwalimu na kiongozi wa nyimbo hapa tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750. Katika miaka yake ya kwanza alitunga wimbo mpya wa ibada karibu kila juma, na mwisho wa kazi nyingi aliandika herufi tatu, S.D.G., maana yake, Utukufu kwa Mungu pekee. Alipata watoto 20, nao 10 tu walifikia utu uzima. Jamaa yote ilikaa katika nyumba ya shule, kando ya kanisa, na nyumba ile ilikuwa imejaa muziki. Mkewe wa pili, Bibi Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji hodari; alinakili kazi za mumewe kwa mkono wake, na kitabu chake cha nyimbo, kilichoanzwa mwaka 1725, kingaliko hata leo.

Mifupa ya Bach imo katika kanisa hili. Juu yake pana bamba la shaba lenye jina lake, na watu huweka maua. Mama alisimama hapo kitambo, kisha akauliza, “Mwalimu tumemwona. Na mkewe amelala wapi?”

Hatukuwa na neno jema la kumjibu. Bach alipokufa, ilimpasa mjane wake kuihama nyumba ya shule. Aliishi miaka karibu 10 akitegemea sadaka za mji, akafa tarehe 27 Februari 1760, na kaburi lake halijulikani. Tulipomweleza hayo, mama alinyamaza. Nasi tulijua kwa nini. Baba yetu alikuwa mwalimu wa dini katika usharika mmoja mlimani. Alipofariki, sisi tungali wadogo, tuliambiwa tuiache nyumba ya mwalimu kabla miezi mitatu haijaisha, na mama akatulea kwa kuuza ndizi sokoni. Kila jioni, kabla ya kulala, alituimbisha. Hatukujua wakati ule kwamba alikuwa akiimba ili asilie.

Jumapili tulisali katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambamo Bach pia aliongoza nyimbo. Nguzo zake zimepambwa juu kwa makuti mfano wa mitende, na watoto walifurahi sana. Humo watu walikuwa wakikusanyika Jumatatu kuomba amani; na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walipita katika njia za mji bila silaha, wala risasi haikupigwa.

Katika treni ya kurudi, watoto walimwomba bibi yao awafundishe ule wimbo wa Ijumaa. Akawafundisha mstari kwa mstari, hata tulipofika Berlin waliujua.

Basi, ndugu zetu, na hasa ninyi walimu, tumeyaandika haya kwa sababu mbili. Kwanza, msiziache nyimbo kanisani tu. Ziimbwe nyumbani, maana mtoto hubeba wimbo mahali ambapo hawezi kubeba mali. Pili, kila usharika ujiulize: mwalimu wetu akifariki, mjane wake atalala wapi, na watoto wake watakula nini? Swali hili lijibiwe angali hai, wala lisingojee siku ya maziko. Tumsifupo mwalimu, tumkumbuke na yule aliyeishika taa alipokuwa akiandika.

Mungu azibariki nyumba zenu.