Mashine Haijui Kifua cha Mtoto

Watu wengi waonapo sweta la shule husema, "Hilo limefumwa kwa mashine," na kwa maneno hayo huishusha bei yake. Mimi ni karani, kazi yangu ni kalamu. Lakini mke wangu anayo mashine ya kufuma ya mkono, nami jioni humwandikia hesabu zake. Kwa hiyo nina haki ya kusema machache.

Mashine yake ina sindano 200 zilizopangwa mstari mmoja. Kila sindano ina ndoana nchani na kiulimi kidogo kifungukacho na kujifunga. Kigari kikipita, sindano husogea mbele, kitanzi cha kwanza huteleza nyuma ya kiulimi, uzi mpya huingia katika ndoana, kisha sindano hurudi na kuufanya kitanzi kipya. Basi, mashine haijui zaidi ya hayo.

Ajuaye ni fundi. Kwanza hufuma kipande cha majaribio, hukifua, hukikausha, ndipo hukipima. Maana kitambaa kilichokuwa kikivutwa na vyuma vizito hakikosi kujirudi. Tuseme sentimeta 10 zina vitanzi 28. Upande wa mbele wenye upana wa sentimeta 40 utataka vitanzi 112. Uzi mwingine, ujapofanana kwa rangi, ukitoa 26 tu, vitanzi vile 112 vitafika sentimeta 43, na sweta zima litazidi kwa sentimeta 6. Mteja asiyetaka kungoja kipande hicho (nao ni wengi shule zikaribiapo kufunguliwa) ataka abahatishiwe.

Kwenye kwapa vitanzi vya pembeni huhamishwa kwa mkono, mstari baada ya mstari, pande mbili zilingane. Kitanzi kimoja kikiponyoka hushuka mistari mingi, nacho hapana budi kupandishwa kwa ndoana. Bado kuunga mabega, mbavu na shingo.

Mwaka 1589 Mwingereza William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Yasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth alimnyima hati, akihofia riziki ya wafumaji wa mkono. Kwetu mashine ndiyo iliyoleta karo. Wanaoipunguza ni wanunuzi.

Juma lililopita mama mmoja alitaka masweta matatu kwa bei ya uzi. Mke wangu hakubishana naye. Alimpa kipande cha majaribio, akamwomba ahesabu vitanzi. Alifika 17, akapotea, akaanza tena. Kisha akakirudisha, akafungua mkoba.