Mafuta ya Taa na Kodi ya Jua

Enzi za koroboi, jioni ilianzia dukani: mtoto mmoja wa kila boma na chupa ya soda iliyofungwa kamba shingoni, mwenye duka akipampu mafuta kutoka kwenye pipa, na ukifika nyumbani mkono unanuka hadi ugali wenyewe una ladha ya mafuta ya taa. Utambi ulikuwa kipande cha blanketi kuukuu, taa yenyewe mkebe wa Kimbo uliochomelewa na fundi wa sokoni, nasi tulisoma tumeuinamia hadi nywele za mbele zikaungua. Asubuhi ukipenga kamasi, masizi matupu. Chemni, tuliyoisugua kioo kwa jivu na gazeti, ilikuwa ya wageni. Karabai ilikuwa ya matanga na harusi, ikivuma usiku kucha.

Leo mtoto anabonyeza swichi.

Kuanzia 2012, kampuni ya M-Kopa ilipoanza kukopesha sola na watu wakalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, mabati ya vijijini yalianza kuota paneli. Serikali ya Kenya nayo ikaviondolea vifaa hivyo kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Msamaha huo mnunuzi hakuuona. Ulijificha ndani ya bei. Aliuona ulipoondolewa. Julai 2020 VAT ya asilimia 14 iliangukia sola, wakati korona imeshatoboa mifuko ya watu. Julai 2021 msamaha ukarudi. Mtu anayeweka akiba ya paneli mwaka mzima hawezi kupanga maisha kwa sheria inayobadilika kabla akiba haijatimia.

Kinachoniuma zaidi ni mafuta ya taa. Septemba 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, ili wafanyabiashara waache kuyachanganya na dizeli. Uchakachuaji ulikuwepo kweli, na magari yaliharibika. Lakini tozo ilimfikia pia mama ambaye hajapata hata malipo ya kwanza ya sola.

Moshi ule siutamani, wala simwombei mtoto yeyote macho yaliyowasha kama yetu. Ila mafuta tulipimiwa ya shilingi kumi tukiwa na kumi, na tusipokuwa nayo mwenye duka alituandika kwenye daftari, kwa kuwa alimjua baba. Sola ya mkopo usipoilipia inajizima. Haimjui baba ya mtu.

Msamaha wa VAT ubaki. Na pesa za tozo ile ziwalipie malipo ya kwanza wale ambao bado wanawasha mkebe.