Khayega, ambako mkimbiaji hapiti kimya

Ukishuka matatu katika soko la Khayega, kwenye barabara kuu ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, utaiona njia ikikata kuelekea mashariki. Hiyo ndiyo njia ya Shinyalu, na ukiendelea nayo itakufikisha Isecheno katika msitu wa Kakamega. Wageni wengi huifuata kwa ajili ya ndege, nyani na vipepeo wa msituni. Mwandishi huyu aliifuata kumtembelea rafiki aliyesoma naye chuoni, na kwa kuwa ni mtu wa kukimbia kila asubuhi, hakuviacha nyumbani viatu vyake vya mbio.

Basi siku ya kwanza nilitoka saa kumi na moja unusu alfajiri, muziki ukinilia masikioni. Kulikuwa bado na giza. Mbele yangu nikaona kivuli cha mtu mwenye mzigo kichwani. Nilimpita kwa kasi, nikahisi kama kuna neno limetamkwa, nami nikaendelea na safari yangu. Ndivyo tunavyofanya Nairobi. Hata katika msitu wa Karura, ambako wakimbiaji, waendesha baiskeli na watembeaji hukutana kila Jumapili, ukimpungia mtu mkono inatosha, na usipompungia hakuna atakayekushtaki.

Niliporudi nilimkuta mwenyeji wangu amesimama langoni, uso umemkunjamana. Habari ilikuwa imetangulia. Nyanya mmoja, au kukhu kama wanavyosema huko, alikuwa akipeleka maparachichi sokoni alipopitwa na kitu kilichokuwa kikikimbia gizani bila kumjibu. Aliutupa mzigo akajitosa kwenye mahindi, na goti likachubuka.

Msomaji wa mjini huenda asielewe hofu hiyo ilitoka wapi. Magharibi mwa Kenya, kila mtoto amesikia habari za watu wanaosemekana hukimbia usiku, uchi wa mnyama, wakirusha mawe juu ya mabati na kujisugua kwenye milango ya watu. Amini usiamini, shauri yako. Lakini dalili yao moja inajulikana: hawasalimu, wala hawaitikii salamu.

Ilinibidi niende kuomba radhi, nikiwa na sukari na majani ya chai mkononi. Nilimpa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyofundishwa njiani. Kukhu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ningejuaje kuwa wewe ni mtu?"

Tangu hapo nilianza kuitazama njia ile kwa macho mengine. Salamu yenyewe ni "Mulembe", yaani amani, na hutolewa mapema, kabla hamjafikiana, ili aliye mbele aisikie sauti kwanza. Anayekwenda kasi ndiye humwanza anayekwenda polepole. Mama mwenye kuni kichwani hasimamishwi wala hapewi mkono. Husalimiwa kwa mdomo na kupishwa pale palipo pakavu. Nilitarajia kuona vijana wakiyadharau haya yote, lakini wanafunzi wanaokwenda shule mbiombio ndio walionizidi: walinisalimu wote kwa pamoja bila kupunguza mwendo.

Wazee husimulia kuwa zamani aliyepanda baiskeli, zile nyeusi ziitwazo Black Mamba, alishuka kabisa akikutana na mtu wa rika la baba yake, akaisukuma hadi wamalize kujuliana hali. Adabu hiyo imepata pigo. Baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, boda boda za baiskeli zilianza kutoweka, na pikipiki haina subira. Siku hizi dereva hupiga honi mara mbili, na mwenyewe husema amesalimu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya duka alinong'ona kuwa honi haina jina la mtu. Nami niko upande wake, ingawa nilirudi sokoni nikiwa nimebebwa na pikipiki hiyo hiyo.

Hata hivyo kuna ukimya ulio adabu. Mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja, huinamisha macho na kujitenga kando, naye mama hupita upande wake bila mkono kutolewa. Mgeni akidhani wamegombana, amekosea. Na Jumamosi alfajiri, dume la ng'ombe likipelekwa uwanjani kupigana, vijana wakilikimbilia mbele na nyuma kwa filimbi, matawi na ngoma ya isukuti, ile iliyotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2014, hakuna anayengoja kusalimiwa. Mwenye baiskeli huibeba hadi ng'ambo ya mtaro na kusubiri vumbi litulie.

Siku ya kuondoka nilikimbia tena, masikio yakiwa wazi. Kabla ya kufika Shinyalu pumzi zilikuwa zimeniisha, si kwa mbio bali kwa kusalimu. Nikiwa narudi, kivuli chenye mzigo kikajitokeza mbele yangu.

"Mulembe, kukhu!" nikapaza sauti.

"Mulembe," akajibu. Alinipisha, akacheka, kisha akaniuliza kwa nguvu ili jirani zake wasikie: "Na leo, mwanangu, unamkimbia nani?"